Mguu wa Senge Nafula

Kama unasoma haya ukiwa umekalia upande mmoja wa kiti kwa sababu ule mwingine unauma, na kwenye mkoba wako kuna bahasha ya kaki yenye picha ya eksrei ambayo "haionyeshi kitu", basi ninaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni afisa wa kilimo hapa Kitale. Kazi yangu ni kuwaeleza watu kwa nini mahindi yao yamegeuka manjano, na hata hilo wengi hawanisikii. Nitakueleza tu yaliyonipata mwaka ule niliojiandaa kwa trayathloni, na jinsi nilivyoyatafuta mwenyewe.

Trayathloni, kwa asiyeijua, ni wazimu wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, siku moja, bila kuketi. Yangu ilikuwa ya masafa marefu na ingefanyika Pwani mwezi wa Novemba: karibu kilomita mbili majini, tisini kwa baiskeli, kisha ishirini na moja kwa miguu. Nilikuwa natimiza miaka arobaini na moja. Mume wangu Njoroge, ambaye ana duka la pembejeo mjini, alisema wanawake wa rika langu hujiunga na kwaya.

Lakini siwezi kueleza habari za mguu kabla ya kueleza habari za jina.

Nilizaliwa Bokoli, karibu na Webuye. Kwetu, mtoto akikataa kunyonya na kulia bila kukoma, nyanya yake huketi karibu naye akitaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalisikia akanyamaza na kushika ziwa, hilo ndilo lake. Mimi nililia siku mbili. Nyanya alitaja wote, wakubwa kwa wadogo, hata akaazima majina upande wa mama. Mwishowe akataja lile ambalo hakuna aliyekuwa akilitaka. Akasema, Nafula. Nikanyonya.

Nafula alikuwa dada ya baba yangu, kwa hiyo ni senge yangu, yaani shangazi. Alizikwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Hatuna picha yake. Kitu pekee ambacho kila mtu wa pale nyumbani alikumbuka ni mwendo wake, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Walisema ungemjua akiwa bado nyuma ya nyumba: hatua ndefu, hatua fupi, hatua ndefu, hatua fupi.

Baba aliniita Nafula hadi alipofariki. Majirani waliniita Nafula. Mama hakuwahi. Aliniita Beatrisi, jina la ubatizo, tena kwa ukali kidogo, kana kwamba anafunga mlango. Nikiwa na miaka saba hivi nilicheza na binamu zangu mchezo wa kuchechemea, tukimwiga kuku aliyeumia. Mama alitoka jikoni na mwiko, akanichapa mimi peke yangu, kisha akaketi chini akalia. Nilielewa tu kwamba katika boma lile kuna mwendo ambao mimi, kati ya watoto wote, sikuruhusiwa kutembea.

Basi nikakimbia. Nilikimbia shule ya msingi, nikakimbia sekondari, nikakimbia chuoni. Nilipokuja na zawadi nyumbani, mama alitazama miguu yangu kwanza, halafu zawadi.

Januari ile, wakati wa kiangazi, nilianza mazoezi. Niliogelea kwenye bwawa la mkulima mmoja nje ya mji, ambaye alinihurumia akidhani nina shida za nyumbani. Jumamosi niliendesha baiskeli barabara ya kwenda Ndalu, nikipita watu wakilima kungojea mvua, na wote, ambao huniita mwalimu, walinisalimia kwa swali moja: "Mwalimu, gari imekwama wapi?" Hawakuamini kwamba mtu mzima mwenye kazi anaweza kuchagua baiskeli. Machi mvua ikaja, wakapanda, nami nikaongeza kilomita. Nilikuwa na furaha. Niliuona mwili wangu ukirudi kwangu.

Maumivu yalianza Mei, wakati wa palizi.

Yalikuwa madogo, ndani kabisa ya kinena upande wa kushoto, pale paja linapoungana na nyonga. Kama mtu aliyeweka kidole pale na kukisahau. Nikipumzika, hayapo. Nikikimbia kilomita tatu, hayo. Baada ya wiki mbili yakaja kwenye kilomita ya kwanza. Baada ya nyingine mbili nilikuwa nayahisi nikipanda ngazi za ofisini.

Unadhani niliwaza nini kwanza? Sikuwaza mfupa. Niliwaza, wa kushoto.

Nilimwambia Njoroge, lakini nusu tu. Nilimwambia ni msuli.

"Msuli gani inauma mwezi mzima?" akauliza. "Si uende upigwe picha."

Zahanati niliyoenda ilikuwa na benchi za mbao na televisheni isiyo na sauti. Mtu akionyeshwa akicheka kwenye televisheni na wewe unangoja kuitwa, unamchukia bure. Mzee mmoja aliyejikata na jembe aliniuliza ninaumwa nini. Nikasema ni kukimbia. Akafikiri kidogo, akauliza nilikuwa nafukuzwa na nani. Nilicheka mpaka nikaumia, na bado namshukuru, kwa maana ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka kabla ya Septemba.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliinua picha kwenye mwanga.

"Iko safi, mama," akasema. "Lakini ufa mdogo hauonekani mapema. Wacha kukimbia kabisa. Rudi baada ya wiki mbili tupige ingine. Usipuuze hiyo."

Naapa alisema yote hayo, tena polepole, akinitazama usoni. Hana kosa lolote. Mimi ndiye niliyetoka pale na neno moja tu masikioni: safi. Sikurudi baada ya wiki mbili. Sikurudi hata baada ya sita. Niliibandika ile picha kwenye dirisha la chumba cha kulala, na kila asubuhi kabla ya mazoezi nilisimama kuitazama dhidi ya jua. Nilijidanganya kwamba natafuta ufa. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta mtu. Nyonga zangu zilikuwa pale, nyeupe, na ule mfupa wa kushoto, na niliutazama hadi nikaanza kuona si wangu.

Siku moja Njoroge aliamka akanikuta hapo.

"Mama Wanjiku, toa hiyo kitu kwa dirisha," akasema. "Mtoto anaiogopa."

Nikamweleza basi. Miaka kumi na tatu ya ndoa na sikuwa nimemweleza vizuri habari za senge. Alisikiliza akiwa amekaa kando ya kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

"Kwetu pia tunaita watoto majina ya watu," akasema mwishowe. "Wanjiku wetu ni jina la mama yangu. Lakini ni ya kukumbuka. Si ati mtu anarudi na magonjwa yake. Unaumwa, na umeogopa hospitali, ukaona ni heri uogope maiti."

Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tulikaa karibu wiki nzima tukizungumza tu habari za chumvi na funguo.

Jambo lililonitia hofu kuliko yote lilitokea ofisini kwetu. Kuna ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji. Mchana mmoja, watu wameenda chakula, nilikuwa natembea na faili nikasikia mtu nyuma yangu. Hatua ndefu, hatua fupi. Nilisogea ukutani kumpisha, na nikageuka. Hakukuwa na mtu. Nilipoanza kutembea, akaanza tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni viatu vyangu.

Nilikuwa nachechemea na sikujua.

Kuanzia siku hiyo shida yangu haikuwa tena maumivu. Ilikuwa kwamba mama asinione nikitembea. Mtu mwenye akili angekaa mbali na Bokoli. Lakini mimi ni mtoto wa nne na ndiye ninayeishi karibu, na nisipoonekana Jumapili mbili mama huanza kuuliza watu. Kwa hiyo nikabuni ujanja, na mpaka leo nauona ndio upumbavu mkubwa wa maisha yangu. Nilienda kwa baiskeli.

Juu ya baiskeli hakuna anayechechemea. Ni kilomita nyingi kutoka Kitale kushuka hadi Webuye, na nilizihesabu kuwa mazoezi. Niliingia bomani nikiwa juu ya baiskeli, nikaendesha hadi mlango wa jikoni, nikajishika ukutani, nikateremka na kuketi papo hapo kwenye kigoda. Nilihitaji hatua tatu tu. Nilikunywa chai nimeketi, nikaongea nimeketi, nikaaga nimeketi. Wakati wa kuondoka, hatua tatu.

Mama ana miaka zaidi ya sabini na huzungumza nasi Kibukusu. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

"Huji uone mahindi?" aliniuliza mara ya kwanza. "Wewe si ndiye mtu wa serikali wa mahindi?"

"Nimechoka, Mayi. Barabara ni ndefu."

Alinitazama, kisha akatazama gurudumu la baiskeli. Mvua ilikuwa imenyesha na ua ulikuwa na matope. Nilipofika kwenye miti ya langoni niligeuka kumpungia mkono, nikaona ameshika ufagio, anafagia pale mlangoni pa jikoni. Nikashangaa kidogo, maana mama hufagia alfajiri, na kufagia matope ni kazi bure. Nilienda hivyo mara nne miezi ya Julai na Agosti. Kila nilipogeuka, alikuwa anafagia.

Njoroge hakuvumilia tena. Mwishoni mwa Agosti alinipakia kwenye pikapu ya duka, akanipeleka Ndalu kwa mama mmoja mchuaji ambaye wakulima wote wa huko humwamini. Alidhani nikikataa hospitali, labda nitamsikiliza huyu. Mama huyo alikuwa mnene, mwenye mikono mikubwa iliyonukia mafuta ya samli. Alinilaza kwenye mkeka, akaukunja mguu wangu, akauzungusha ndani kidogo, kidogo sana. Nilipiga ukelele. Akauweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akajifuta mikono kwa leso.

"Huyu simguzi," akamwambia Njoroge. "Mimi nachua nyama. Hapa ni mfupa inalia. Mpereke hospitari kesho. Asikanyage chini."

Hakukubali hata asante ya kuku. Hebu fikiria, mchuaji aliyekataa kuchua. Kama unataka kujua rehema inafananaje, mimi niliiona pale, ikijifuta mikono kwa leso.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Tulikubaliana kwenda hospitali Jumatatu, kwa sababu Jumapili daktari wa mifupa hayupo. Njoroge alikuwa na mzigo wa mbolea wa kupokea dukani Jumapili asubuhi. Nami nikabaki nyumbani peke yangu, Wanjiku ameenda kanisani na majirani.

Nitaandika hili bila kujitetea. Nilichukua baiskeli. Nilijiambia, ya mwisho tu. Jumatatu watanifunga, Novemba itapotea, basi nifanye mara moja lile lililokuwa kwenye ratiba: baiskeli hadi Bokoli, kisha nikimbie kilomita tano, kujua kama ningeweza. Niliuchagua muda ambao mama angekuwa kanisani. Hata upumbavu nilikuwa nimeupangia saa.

Nilikimbia kwenye njia ya changarawe inayoshuka mtoni. Maumivu yalikuwepo, kisha kwa ghafla yakatoweka. Kwa muda mfupi nilikuwa mwepesi kama msichana wa sekondari, na nilisema kwa sauti, umeona? Sijui nilikuwa namwambia nani. Karibu na kivuko mguu uliondoka chini yangu. Nilisikia mlio, mkavu, kama bua kavu la mahindi likivunjwa. Nikawa nimelala na shavu kwenye changarawe, nikisikia maji.

Ibada ilikuwa imeisha. Watu waliokuwa wakirudi walinikuta. Vijana wa kanisa walirudi mbio wakaleta benchi, wakanilaza juu yake na kunibeba hadi nyumbani. Waumini walifuata nyuma na Biblia zao, na kati yao nilimwona mama kwa kitambaa chake cheupe. Aliponifikia hakunitazama usoni. Alitazama miguu. Wa kushoto ulikuwa umegeukia nje, na ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, wazi kabisa, mtu yeyote angeona.

"Nimeuona mguu huu," mama akasema.

Walinipasua Bungoma siku iliyofuata. Waliweka skrubu tatu. Daktari alieleza mengi ambayo sitayarudia, ila hili: ufa ulikuwepo muda mrefu, ungeonekana kwenye picha ya pili, na ungepona kwa magongo na subira. Hakuwa na haja ya kunikaripia. Alisema tu, akafunga faili.

Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Asubuhi jua lilianzia kwa kitanda cha mlangoni na kufika kwangu saa nne. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa nyanya aliyevunjika mkono. Alikuwa na mkono mmoja nami nina mguu mmoja, tukasaidiana kama mtu mmoja mzima. Alinishikia kikombe, nami nikamsuka nywele. Njoroge alikuja kila siku na hakunisemesha. Aliweka chupa ya uji, akakunja shuka, akaondoka. Siku ya nne alikuja na bahasha ya kaki. Alikuwa ameitoa ile picha dirishani. Akaiweka chini ya godoro langu, akaketi, akalia bila kujificha, mtu mzima mbele ya wanawake kumi na wawili.

"Ungeniambia," akasema. "Kama ni kukimbia lazima, ungeniambia ningekuja na pikapu nyuma."

Nilimwomba msamaha. Ilibidi nimwombe mara nyingi, hata baada ya kutoka pale. Usifikiri mtu wako anaumia kidogo kwa sababu mfupa si wake.

Mama alifika siku ya tano. Alimenya chungwa polepole, akaondoa hata nyuzi nyeupe, akanipa nusu. Kisha akasema bila kunitazama:

"Senge yako hakuzaliwa vile."

Nikajisogeza kwenye mto nimwone vizuri.

"Nilikuwa nimeolewa msimu mmoja tu. Alikuwa wifi yangu na rafiki yangu. Wakati wa palizi akaniambia, hapa kwa kinena panauma. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi kuzungumzia ndoa yake. Nikamwambia nyamaza. Tembea sawa mpaka wageni waondoke, wasije wakasema tunawapa msichana mgonjwa. Akatembea sawa. Alichota maji mtoni mara nne akiwapita wageni, na debe kichwani, akitembea sawa. Mimi nilikuwa namtazama. Mara ya tano hakurudi."

"Kwenye kivuko," nikasema.

"Kwenye kivuko. Walimfunga kwa vijiti. Wageni walienda na hawakurudi tena. Akakaa pale nyumbani miaka tisa, nikisikia ule mwendo wake kila siku, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni mimi niliyemnyamazisha. Hata kaka yake hakumwambia. Halafu malaria ikamchukua, na wewe ukazaliwa, ukakataa majina yote. Nyanya yako alipotaja lile jina, nilimwomba Mungu usinyonye."

Chungwa lilikuwa limelowesha kiganja changu. Sikulila.

"Nilikunyonyesha nikikuogopa," mama akasema. "Huo ndio ukweli. Miaka yote hii nilikuwa nangoja siku utakayonidai."

"Mayi, mimi sikudai kitu. Ni mimi niliyekuficha."

"Hukunificha." Sasa akanitazama. "Ulikuwa unaacha nyayo kwenye matope. Wa kulia ulikanyaga wote. Wa kushoto ulikuwa unagusa kwa vidole tu. Niliona siku ya kwanza. Nikachukua ufagio nikazifagia."

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya mwaka sasa na bado yananiamsha. Mimi nilificha mguu ili asimkumbuke senge, naye alifagia nyayo ili asimwone, na kati yetu sisi wawili mfupa ukaendelea kupasuka. Njoroge anasema hakuna mtu aliyerudi, ni kunyamaza kulikorithiwa. Huenda. Mimi sibishani naye siku hizi. Lakini nilikuwepo kwenye kile kivuko, na kabla mguu haujaondoka nilikuwa nazungumza na mtu.

Wakati wa kuvuna nilikuwa na magongo mawili. Siku ya mashindano, Novemba, Njoroge alinipeleka bwawani kwa mkulima yule, bila kusema kwa nini. Tulikaa ukingoni na Wanjiku akarusha mawe majini. Nililia kidogo, kisha tukala viazi vitamu. Mwezi uliofuata nikabaki na gongo moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinilaza akapima miguu yangu kwa futi ya kamba, akapima tena, na nikajua kabla hajasema. Wa kushoto umepungua sentimita moja na nusu. Fundi viatu mmoja wa sokoni Kitale huniongezea soli. Ni mtu wa maneno machache. Viatu vyangu vya mbio alivishona bure, akasema hata kama havitakimbia, visikae bila usawa.

Basi wewe uliye na bahasha ya kaki: rudi upigwe picha ya pili. Ukiambiwa wiki mbili, ziwe wiki mbili. Na kama kuna mtu mmoja unayemficha jinsi unavyotembea, nenda kwake kwanza, kabla hata ya daktari, utembee mbele yake.

Mimi nilienda Januari, kiangazi kimerudi. Niliacha viatu vya fundi nyumbani kwa makusudi, nikavaa malapa ya kawaida. Njoroge alinishusha barabarani na nikatembea peke yangu hadi bomani, na udongo ulikuwa mkavu, haukushika nyayo zozote. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa ndani, amenipa mgongo, anapuliza moto. Niliona mabega yake yakisimama aliposikia. Hatua ndefu, hatua fupi. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

Hakugeuka. Aliendelea kuchochea kuni kwa muda, kisha akavuta kigoda cha pili kwa mguu wake, akakiweka karibu na chake.

"Nafula," akasema. "Ingia uketi. Mguu unauma?"

Kama aliniita mimi au senge, sijui; mimi ndiye niliyekuwa pale, kwa hiyo mimi ndiye niliyejibu. Nikasema ndiyo, unauma.